Mtanzania nalea watoto Kisumu mwaka wa nne: tunakula wapi, tunatembea wapi, na yaliyonitoa jasho (uzi mrefu)

NyarTanga (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za Jumapili. Kila baada ya miezi miwili mitatu napata ujumbe pembeni: "Dada, mume wangu anahamishiwa Kisumu, nina watoto wadogo, huko kukoje?" Nimechoka kuandika jibu lilelile, leo namwaga yote hapa. Wa kuongeza aongeze, wa kusahihisha asahihishe.

Kwanza mnijue. Mimi Mbondei wa Muheza. Mzee wangu ni Mjaluo, lakini Mjaluo wa kwetu, wa Shirati kule Rorya. Kazi yake mambo ya maji, mkataba ukamleta huku, nasi tukafuata na mabegi, Neema ana miaka sita na Baraka mitatu. Wa tatu nimemzalia hapahapa, kunapambazuka, ndiyo maana anaitwa Akinyi. Na ndiyo maana hapa mtaani Migosi hakuna anayejua jina langu. Mimi ni Min Akinyi, na kwa wapenda utani, Nyar Tanga, binti wa Tanga.

Sasa kuna jambo hakuna aliyeniambia kabla sijaja. Mzungu akihamia Kisumu anashikwa mkono: huyu anamwonyesha soko, yule anamtafutia dada wa kazi, mwingine anamwandikia majina ya samaki kwenye karatasi. Mtanzania hashikwi mkono na mtu, kwa sababu hakuna anayemwona mgeni. Kiswahili anajua, ziwa ni lilelile, na akiwa anaitwa mama Odhiambo ndiyo basi kabisa. Mume wangu siku ya kwanza alishuka kwenye basi akasalimiana na makanga Kijaluo, akaulizwa ukoo, wakacheka, ikawa imeisha. Kafika nyumbani. Mgeni nikabaki mimi peke yangu, na ugeni wangu haukuonekana.

Siku ya kumzaa Akinyi, kadi yangu ya kliniki ina jina la mume. Muuguzi, mama mtu mzima, ananisemesha Kijaluo mfululizo. Mimi uchungu umenibana, najibu Kiswahili. Akamgeukia mwenzake akasema neno, wakaguna. Mtoto alipotoka ndipo akanieleza: walidhani mimi ni wale mabinti waliokaa Nairobi, wakirudi nyumbani wanajifanya wamesahau lugha ya mama zao. Nikamwambia, mama, mimi natoka Muheza, Tanga. Alinyamaza, akatoka, akarudi na chupa yake mwenyewe ya uji wa wimbi. Uji ule sijawahi kuusahau.

Haya, chakula. Majina unajifunza upya. Sato hapa ni ngege, sangara ni mbuta, dagaa ni omena, na yale mapanki ya Mwanza huku yanaitwa mgongo wazi. Mtaa wa Obunga ndiko yanakokaangwa kwa wingi. Kotimiri ukiiomba sokoni wanakutazama tu, sema dhania. Bajaji ni tuktuk, umeme ni stima, LUKU ni tokeni.

Samaki mimi nanunua soko la Jubilee, kwa mama mmoja ambaye miezi sita ya kwanza aliniuzia samaki wa juzi bila haya yoyote. Siku moja nikaenda na mama mkwe, aliyekuja kututembelea. Bibi wa watu hakusema kitu. Alichutama, akamnyanyua ngege mmoja, akamfunua shavu kwa kidole gumba, akaninyoshea nione: matamvua yamekuwa rangi ya kahawa. Akamweka chini. Akamnyanyua wa pili, akambonyeza ubavuni, shimo la kidole likabaki palepale. Akamweka chini. Yule mama wa samaki akacheka, akainama chini ya meza, akatoa beseni jingine lililofunikwa gunia bichi, na humo ndimo walimokuwa samaki wa watu. Matamvua mekundu kama damu, macho yamevimba, ukibonyeza nyama inarudi. Tangu siku hiyo nahudumiwa kutoka chini ya meza. Kaeni macho pia na wale wa barafu kutoka China, saizi moja wote kama matofali. Si sumu, ila ukikuta foleni ya samaki wanaolingana hivyo, ujue hawakuvuliwa humu ziwani.

Watoto tunawapeleka wapi:

Jumba la Makumbusho la Kisumu ndilo namba moja kwangu, nasema wazi. Limefunguliwa 1980, si kubwa, lina nyoka, mamba, kobe na matangi ya samaki wa ziwa. Kilichotufanya turudi mara nne ni Ber-gi-dala, boma zima la Kijaluo limejengwa pale: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, nyumba za wake wengine, maghala ya nafaka. Mwongozaji akasema, "Na sasa tuone simba ya kijana wa kwanza." Baraka alichomoka mbio. Tulimkuta anazunguka kibanda cha nyasi, machozi yanamlengalenga, anamtafuta simba. Kumbe simba ndiyo kibanda chenyewe, pale anapolala kijana aliyekwisha kubalehe. Mpaka leo chumba chake anakiita simba, na hodi lazima upige.

Kutokana na machozi yale ikabidi Jumapili iliyofuata twende Hifadhi ya Swala Pala, Impala Sanctuary, ufukweni kabisa. Ni hifadhi ndogo, ya mwaka 1992. Swala wanazurura, simba na chui wamo vizimbani. Tumbili wa pale wana shule. Biskuti usiitoe mfukoni.

Dunga nitaieleza baadaye, maana ina kisa chake. Mtoto kaamka.

---

Sengerema_Kwetu

Dada umeandika kama unaniona. Sisi tunahama mwezi ujao, tunatokea Mwanza. Wa kwanza wangu yupo la nne. Mambo mawili yananinyima usingizi: shule na malaria. Watu wananitisha na malaria ya huko.

---

jaKibuye

Shemeji, kwanza pole kwa hao samaki wa juzi, hiyo ilikuwa karo ya shule.

Lakini umeandika juu ya Kisumu yote hiyo bila kutaja Kibuye siku ya Jumapili? Hapo umetukosea. Nguo za watoto, viatu, vyungu, vitanda, kuku hai, kila kitu kiko pale kando ya barabara ya Kondele. Ukitoka Migosi ni karibu tu na tuktuk. Fika saa moja asubuhi marobota yakifunguliwa. Saa sita ukienda utapata soksi za mguu mmoja.

Na nyinyi Watanzania msijione wageni sana hapa. Reli ilipogusa ziwa Desemba 1901, mahali hapa pakaitwa Port Florence, na kutoka hapo mizigo ya ziwa lote ilipitia kwetu. Ile meli yenu ya Victoria, inayokwenda Bukoba, mnajua iliungwa wapi? Ilitengenezwa Uskoti, ikaletwa vipande vipande, mafundi wakaiunga hapahapa Kisumu, ikaanza kazi 1961. Ilikuwa inazunguka Kisumu, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Marehemu babangu alikuwa anapanda hiyo kwenda Mwanza kuuza baiskeli, na inasemekana baiskeli si zote aliziuza. Moja alimpa msichana.

---

NyarTanga

@jaKibuye hahaha, basi huenda @Sengerema_Kwetu ni dada yako. Ila kwa ziwa usitambe, shemeji. Kenya mna asilimia 6 ya ziwa, nusu nzima ni letu.

@Sengerema_Kwetu nianze na shule, malaria inahitaji nafasi yake.

Huku hakuna darasa la saba kama letu. Ni PP1 na PP2, yaani chekechea, halafu gredi ya kwanza mpaka ya sita, kisha sekondari ya chini gredi ya saba mpaka ya tisa. Masomo ni kwa Kiingereza toka chini, Kiswahili ni somo. Mwanao kama katoka shule ya serikali Mwanza, mhula wa kwanza atasota. Neema alikuwa anakuja nyumbani hasemi neno, anakula, analala. Mwalimu wake alinishauri nisimwongeze masomo ya jioni, nimwachie acheze na watoto wa ploti. Nilimwona mzembe. Baada ya miezi mitatu mtoto anagombana kwa Kiingereza na kutania kwa Kijaluo, nikamwombea mwalimu radhi kimoyomoyo.

Kilichonishangaza ni Kiswahili. Mimi nilijua hapo tu ndipo tutapeta. Mtihani wa kwanza Neema akaleta 61. Sitini na moja! Mtoto wa Tanga! Nikachukua karatasi. Kaandika "kompyuta", kakatwa, pembeni pameandikwa kwa wino mwekundu *tarakilishi*. Kaandika "simu ya mkononi", kakatwa: *rununu*. Kaandika "luninga", mwalimu kazungushia L, akaweka R. Na ukurasa mzima wa ngeli, A-WA, KI-VI, U-I, mwanangu kaacha wazi. Wenzake wanaziimba kama wimbo wa kuruka kamba, yeye anaongea sawasawa lakini hajui sawasawa hiyo inaitwaje.

Nilikwenda shuleni nimevimba. Sitaitaja shule. Nilirudi na kitabu cha ngeli mkononi, nimekinunua mwenyewe.

---

MwalimuWaInsha

Mama Akinyi, naomba nijitetee kwa niaba ya huyo mwalimu ingawa simjui. Mimi hufundisha Kiswahili gredi za juu hapa Nyanza. Mtoto anayesema Kiswahili nyumbani kila siku darasani kwangu huwa ni mmoja au wawili. Wale wengine nyumbani wanasema Dholuo, nje wanasema Sheng, Kiswahili wanakutana nacho kitabuni. Kwao ngeli ndiyo fimbo ya kutembelea, ukiwanyang'anya wanaanguka: "kitabu yangu", "watoto inalia". Wa Tanga haihitaji hiyo fimbo, kwa hiyo anaiona ni kero.

Ila "kompyuta" halifai kukatwa. Neno lipo kamusini. Hapo mwalimu amekosea na mimi ningemrudishia mtoto alama yake.

---

NyarTanga

Mwalimu, asante. Neema nimemsomea jibu lako, kauliza kama unaweza kuliweka kwa maandishi yenye muhuri.

Haya, malaria. Ni kweli ipo, ukanda wa ziwa ndio mbaya kuliko Kenya nzima, na Mwanza si mgeni nayo. Nilichokuta huku ni chanjo. Walianza kuitoa magharibi ya Kenya Septemba 2019, na Akinyi kachanjwa: miezi sita, saba, tisa, na ya nne alipotimiza miaka miwili. Haizuii yote. Kashaugua mara moja, kwa hiyo neti palepale, na mtoto akichemka usiku usingoje asubuhi wala usinunue dawa dukani kwa kubahatisha, pima kwanza. Ukija na kichanga, uliza kliniki siku ya kwanza kabisa.

Ambacho watu hawakisemi ni kichocho. Watoto wetu wa Mwanza wamezoea kuchezea maji ya ufukweni, na huku ufukwe unaita vilevile. Vijidudu vinatoka kwa konokono walio kwenye maji yaliyotulia penye nyasi, vinapenya ngozi bila mtu kuhisi kitu. Baraka alikuja kwenda chooni… basi, siwamalizii, mko mezani. Vidonge anapewa kwa uzito wake, kapona. Siku hizi sheria ya nyumba ni kwamba ziwa linatazamwa, linapandiwa mtumbwi, linaliwa, lakini halikanyagwi.

Sasa Dunga. Ni ufukwe wa wavuvi kusini mwa mji, ukishapita Hippo Point. Kuna mafunjo marefu kuliko mtu, ndege wa kila namna, na akina mama wanaofuma mikeka na vikapu kwa hayo hayo mafunjo. Unachagua samaki wako, unakaa, wanamkaanga ama wanamtia rojo. Usiende ukiwa na njaa ya sasa hivi. Agiza, kisha zungusha watoto.

Mwaka juzi alikuja mdogo wangu kutoka Tanga, tukakodi boti tukaone viboko. Tulichelewa kutoka nyumbani (Baraka na kiatu kimoja, hadithi ya kila wiki), tukaingia majini saa tisa alasiri. Viboko tuliwaona, masikio na pua tu, watoto wakaridhika. Tunageuza, upepo umebadilika, na gugumaji limefunga njia. Ukitazama utasema ni shamba la mboga, kijani tupu lenye maua ya zambarau. Nahodha akazima injini majani yasijisokote kwenye panga, akachukua mti akaanza kusukuma. Anasukuma, boti inasogea hatua moja, majani yanajifunga nyuma yetu. Kimya. Unasikia vyura na pumzi ya yule kijana tu. Mdogo wangu, mtu wa bahari, kazaliwa anaona mashua, alikuwa ameshika koti la kuokolea kwa mikono miwili, anasali Kibondei. Mimi nahesabu viboko kichwani: tuliona wanne, je wa tano yuko wapi? Akatokea mvuvi na mtumbwi mwembamba, akapita juu ya gugu kama anateleza kwenye mafuta, akaturushia kamba. Saa nzima na ushee kufika ufukweni, ambako samaki tuliyemwagiza alikuwa amekaangwa mpaka akawa kuni. Tulimla vilevile.

Kwa hiyo: boti ni asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Makoti ya kuokolea yahesabu kabla hujalipa, na la mtoto liwe saizi ya mtoto.

---

Omwana_wa_Ilesi

Mmeongea samaki mpaka nimesikia harufu. Nyanza haijaisha Kisumu, na magharibi haijaisha Nyanza. Mama, panda matatu ya Kakamega, saa moja na kitu uko kwingine kabisa. Hapo Ilesi kando ya barabara kuna jiwe linalolia, maji yanatiririka kutoka kichwani kama mwanamke amejitwika maombolezo. Ukiendelea kuna Msitu wa Kakamega, mabaki ya msitu ule wa Kongo, hakuna mwingine wa aina hiyo Kenya. Mbega weupe kwa weusi wanaruka juu ya kichwa chako. Panda kilima cha Lirhanda alfajiri, utaona ukungu umelala juu ya miti kama maziwa yaliyomwagika. Beba sweta za watoto, si joto lenu la huko chini.

Na mkitoka hapo mle kuku, angalau siku moja.

---

Bwana_Ukweli

Mnasifia tu. Semeni na joto la Februari. Semeni na mvua ya mawe saa kumi jioni wakati nguo ziko kambani. Semeni na ukweli kwamba mtu mwenye lafudhi ya nje anatajiwa nauli ya boda mara mbili. Mimi nilikaa miaka miwili, ningali nadaiwa usingizi na mbu wa Nyalenda.

---

NyarTanga

@Bwana_Ukweli yote kweli, sikupingi. Nauli ya boda mimi nilitajiwa mara tatu, kwa sababu nilisema "samahani kaka". Siku hizi nasema "Kibuye, ngapi?" na uso nimeukunja, bei inashuka yenyewe. Mama yangu akinisikia atanikana.

@Omwana_wa_Ilesi tumefika, msituni Baraka aliogopa kimya. Alisema miti inamsikiliza.

Niongeze Kit Mikayi, nilisahau. Iko upande wa Seme, njia ya Bondo. Mawe makubwa yamekaa moja juu ya jingine kwenda juu kiasi cha jengo la ghorofa kumi hivi. Kisa chake: mzee alilipenda jiwe, kila siku anashinda pale, chakula anapelekewa hukohuko, wakimuuliza mkewe bwana yuko wapi, anajibu kaenda kwa mikayi wake, mke wa kwanza. Utawakuta waumini wa Legio Maria wamevaa kanzu wanasali kwenye mapango, kwa hiyo watoto wanyamazishwe. Niliposimuliwa nilimtazama mume wangu, akatazama pembeni. Jiwe lake yeye ni mpira wa Jumamosi.

Na ukilemewa na hamu ya nyumbani, nenda Kaloleni jioni, hasa Ramadhani. Mimi ni Mwanglikana, lakini mwili una dini yake. Viazi karai, bajia, kaimati, na akina mama wanaosema "karibu mwanangu" kwa sauti ambayo huku niliikosa miezi mingi. Mara ya kwanza niliamkia "shikamoo" na bibi mmoja akaitikia "marahaba" palepale, bila kushangaa. Nilinunua kaimati za watu kumi.

---

Sengerema_Kwetu

Dada Mungu akubariki. Tunakuja kwa gari, Sirari. Nikuletee nini kutoka nyumbani? Na njia ikoje baada ya mpaka?

---

NyarTanga

Sirari na Isebania siku hizi ni kituo kimoja, mnagongewa muhuri wa pande zote hapo hapo. Shikeni pasi za watoto wote na kadi za homa ya manjano. Mkishavuka ni Migori, Rongo, Kisii, Oyugis, Ahero, kisha mashamba ya mpunga yanatokea, halafu ziwa. Kisii mtakutana na mvua karibu kila jioni, piteni mchana. Ndizi nunueni barabarani hukohuko.

Kuhusu cha kuniletea, mimi sina hamu kubwa. Ila Neema anasimama hapa begani, anasema kama mwanao wa la nne ana kitabu chochote cha shule kilichochapishwa neno "kompyuta", asikitupe. Na kiwe na jalada.